Moshi Niliowaonyesha Wageni

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa darubini, nikaambiwa niibebe wala nisiitazamie. Aliyenikabidhi alikuwa karani mkuu wa nyumba ya wageni pale Ifakara, mtu mnene aliyevaa kaptula ya kaki iliyonyooshwa kwa pasi mpaka unaogopa kumgusa. "Hii ni ya wageni," alisema. "Wewe una macho yako." Miaka ya hamsini ndiyo kwanza ilikuwa inaanza, nami nilikuwa kijana niliyetoka shule ya misheni nikijua kusoma, kuandika na Kiingereza cha kuombea maji. Wenzangu wengi walirudi kwenye pamba na mpunga, wengine wakaenda kuvuta pantoni kivukoni. Mimi nilipewa viatu, nikajiona nimefika.

Naandika haya kwa ajili ya ninyi vijana mnaotembeza watalii siku hizi, mkidhani kazi hiyo imezaliwa nanyi. Sisi tulikuwa tukiifanya kabla hamjawa na hata jina la kuiita. Ofisi iliandika kwamba mimi ni "mwongozaji wa wageni". Watu wa mtaani waliniita Dismas wa Wazungu, na sikulipenda jina hilo hata kidogo.

Kazi yenyewe iliitwa mzunguko. Asubuhi unawachukua wageni nyumba ya wageni, unawapitisha sokoni, kisha kwenye kinu cha kuchambulia pamba, halafu kanisani wakatazame madirisha, halafu kivukoni wakaone pantoni ikivuka na viboko wakihema upande wa pili. Wageni wengine walitaka kuanzia mlimani jua likiwa bado dogo, lakini karani mkuu alikataa katakata. Mtu akishaliona bonde lote kutoka juu, alisema, soko letu litakuwa na nini tena cha kumwonyesha? Hapo alisema kweli. Mji wa Ifakara wakati ule ulikuwa mdogo, na vumbi lake halikuhitaji mtu wa kulieleza.

Sikukaa sana pale. Niliazimwa kwenda Sanje, chini ya safu ya milima, nikawa chini ya Bwana Misitu. Huyu alikuwa mzee wa Kizungu mwenye ndevu za rangi ya tumbaku, asiyependa maneno. Kwake nilijifunza kutembea. Mnacheka, lakini kutembea mbele ya mgeni ni ufundi. Unakanyaga polepole ili aliye nyuma asione aibu kuhema. Unashika panga mkono wa nje, asije akakatwa. Unajua upupu uko wapi kabla upepo haujaugeukia, na msimu wa mvua unabeba chumvi ya kuwatoa ruba miguuni. Siku moja mgeni aliteleza kwenye jiwe la mto akavunja kidole. Bwana Misitu hakunifokea. Alinitazama tu akasema, "Mgeni akianguka, umeanguka wewe." Nililibeba neno hilo katika kazi zangu zote, na liliniponza, kama mtakavyoona.

Nikarudishwa Ifakara wakati ofisi ilipomleta Bwana Msimamizi mpya wa nyumba ya wageni. Alikuwa mwanajeshi wa zamani, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Simsingizii ukatili. Alitusalimia kila asubuhi, aliwauguza wapagazi kwa dawa zake mwenyewe, na Krismasi alichinja mbuzi tukala wote. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni kupenda kutazama vitu kutoka juu. Wiki yake ya kwanza alipanda kila kilima kilichopo kando ya njia ya Mchombe, mpaka akapata bega la mlima lenye mwamba bapa ambapo bonde zima linaonekana, mto ukijipindapinda katikati na milima ya Mahenge ng'ambo kule. Akaamuru tufyeke njia, tuweke benchi la mbao na uzio wa fito ili mgeni asitumbukie. Mahali hapo tukapaita Kituo.

"Bonde hili, Dismas," aliniambia siku tulipomaliza benchi, "ukiwa ndani yake ni matope tu. Ni lazima mtu alione akiwa hapa."

Mimi nimezaliwa ndani ya hayo matope. Nikasema, "Ndiyo, Bwana."

Tuliufanya mlima uwe mwisho wa mzunguko. Wapagazi walitangulia na viti vya kukunja, turubai na chupa za chai, wakiongozwa na Mzee Gervasi, Mpogoro mtu mzima aliyekuwa amebebea watu mizigo tangu ujana wake. Mimi nilikuja nyuma na wageni. Palikuwa na ujanja wa mwisho ambao tuliuita kufungua pazia. Hatua za mwishomwisho unawapitisha wageni nyuso zikielekea mwambani, mgongo ukiwa bondeni, unawasimamisha, unawaacha wapumue, kisha unasema, "Sasa geukeni." Nimewaona watu wazima wakilia machozi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, na kweli siku kama hizo tulipata bakshishi nzuri.

Sasa niwaeleze habari ya moshi, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Watu wetu wa bondeni hawakai kijijini mwaka mzima. Mvua zikianza wanahamia mashambani, kila familia kwenye dungu lake, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya mpunga. Hapo wanafukuza ndege mchana na nguruwe usiku mpaka mavuno. Madungu yako mbalimbali, na maji yakijaa kila moja linakuwa kisiwa. Basi palikuwa na desturi ya kuamkiana kwa moshi. Umande ukishakauka, mwenye dungu anatupa majani mabichi kwenye moto, moshi mzito unapanda kidogo, kisha unakwisha. Jirani akiuona anajua wenzake wameamka salama, naye anajibu. Usipopanda, mtu anachukua mtumbwi kwenda kutazama kulikoni.

Dungu la baba yangu, Mzee Ambrosi, lilionekana kutoka Kituo. Lilikuwa karibu na kichaka cha mikuyu, ng'ambo ya mkono mmoja wa mto. Mama alikuwa amekufa zamani, dada zangu wameolewa Mahenge, na mzee hakutaka kusikia habari ya kuhamia kwangu mjini. Alisema mjini watu wananunua hata kuni. Siku moja moja nilipopanda mapema na wageni niliuona moshi wake wa asubuhi, nikasema moyoni, shikamoo Baba. Lilikuwa jambo langu mwenyewe, na lilinitosha.

Kosa ni kwamba Memsabu mmoja aliniuliza natabasamu nini, nami nikamwambia. Alifurahi mno akawasimulia wenzake, na kufika jioni Bwana Msimamizi alikuwa na habari yote. "Jambo zuri sana hilo," alisema. "Kuanzia sasa mtapanda mapema siku zote, na uwaonyeshe wageni moshi wa baba yako. Wanapenda vitu vya namna hiyo." Basi mlima ukawa mwanzo wa mzunguko, karani mkuu akanuna, na salamu ya baba yangu ikawa sehemu ya kazi. Nilikuwa nasimama mwambani nanyosha mkono: kule kanisa, kule mto, kule baba yangu. Watu wanapiga picha. Niliona aibu, lakini ningesema nini?

Masika ya mwaka mmoja mvua zilikuwa kali kuliko kawaida. Jumapili moja, baada ya misa, alinifuata Mama Skola, mjane mwenye dungu jirani na la baba. Alikuwa ametembea majini mpaka kiunoni, kitenge kimelowa.

"Shikamoo, Mama," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Sikiliza, sina muda, maji yananifukuza. Baba yako kifua kimembana. Anakohoa usiku kucha, uji wenyewe anaurudisha. Nimemwambia aje kwako, hataki. Anasema atakuja akifuatwa na wewe."

"Nitakuja, Mama."

"Uje wiki hii, Dismas. Maji yakifunga ile njia ya mikuyuni, utampata kwa mtumbwi tu, na mgonjwa wa kifua ukimlaza ndani ya mtumbwi na mvua hii, unamuua mwenyewe."

Jumatatu asubuhi nilisimama mbele ya meza ya Bwana Msimamizi kuomba ruhusa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kuna wageni wakubwa wanakuja kwa ndege, wapimaji wa maji, waliotumwa kuangalia namna ya kuyazuia mafuriko ya bonde. Wangepanda Kituo kila siku kwa muda wote ambao wangekuwapo, maana walitaka kuyaona maji yanavyotanda. Hapakuwa na mwongozaji mwingine.

"Baba yangu ni mgonjwa, Bwana."

"Nimekuelewa. Lakini wewe una bahati kuliko mtu yeyote hapa Ifakara. Baba yako unamwona kila asubuhi kutoka juu, sivyo? Basi tufanye hivi. Moshi ukikosekana siku moja, njoo uniambie, nitakupa ruhusa saa ile ile na mtumbwi wa ofisi. Wageni wakiondoka, nitakupa ruhusa hata kama moshi upo."

Lilisikika kama neno la haki. Mpaka leo nikiligeuzageuza sioni mahali pa kulishika na kusema, hapa ndipo aliponidhulumu. Kuacha kazi sikuweza, kwa sababu mshahara ule ulikuwa unasomesha watoto wa dada zangu, na nafasi yangu ingejazwa kabla ya chakula cha mchana. Nikasema asante, Bwana. Wapimaji wakaja.

Tulipanda kwenye mvua, chini ya turubai, matope yakifika kwenye vifundo. Mimi sikuwa tena naonyesha bonde, nilikuwa natafuta moshi. Siku ya kwanza ulipanda, mwembamba. Siku iliyofuata ulichelewa, kisha ukapanda. Kesho yake ulikuwa kama wa mtu anayewasha tumbaku, ukafa hapo hapo. Nilimwambia Bwana Msimamizi kwamba unapungua. Akauliza, "Lakini umepanda?" Nikasema umepanda. Akasema, "Basi."

Wapimaji walikuwa watu wenye furaha. Maji yalikuwa yameunganisha mto na mashamba yote, yanang'aa kote kote, na wao walisema hawajaona kitu kizuri namna ile. Walichora, walipima, walibishana ukuta ujengwe wapi. Mimi nilikuwa nahesabu vichwa vya mikuyu vilivyobaki juu ya maji. Nilimchukia kila mmoja wao, na kila mmoja alinishukuru kwa jinsi nilivyowaongoza vizuri.

Kisha ikaja asubuhi ambayo tulifika mwambani na moshi wa baba ulikuwa tayari uko juu. Mnene, mweupe, umesimama wima kwenye hewa tulivu baada ya mvua. Haukufifia. Tulikunywa chai, ulikuwapo. Wageni walifungua karatasi zao, ulikuwapo. Mpaka tunashuka jua likiwa utosini, ulikuwa bado unapanda.

Nilikaribia kupiga magoti. Moshi wa kuamkia haudumu namna ile. Unaodumu kutwa ni wa kubanika samaki kwenye uchanja. Mzee amepona, nikawaza. Ameshuka dunguni, ametega, amepata kambale wengi, anawakausha. Niliwaambia wageni kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua kwa furaha yake: "Tazameni, yule ni baba yangu. Alikuwa mgonjwa, leo anabanika samaki!" Wakapiga makofi. Mmoja aliitwaa darubini kutoka shingoni mwangu akatazama kwa muda mrefu.

"Kuna watu wengi pale kwa baba yako," alisema.

"Wamekuja kununua samaki," nikamjibu.

Sikumwomba darubini. Haikunijia akilini. Nilikuwa nimezoea mno kwamba si yangu.

Tulipokuwa tunakunja viti, Mzee Gervasi alisimama kando yangu akiangalia kule kule. "Moshi mrefu huo," alisema.

"Anabanika, Mzee."

Aliutazama tena. Kisha akainama akabeba mzigo wake, akatangulia kushuka.

Moshi ule ulikuwapo tena kesho yake, mnene zaidi. Nikawaonyesha wageni tena. Siku iliyofuata ndege ikawachukua, na Bwana Msimamizi, mtu wa neno lake, akanipa ruhusa, mtumbwi wa ofisi na mpiga upondo wa kuusukuma. Nilinunua sukari na blanketi jipya. Njiani nilimwimbia mpiga upondo nyimbo za kanisani mpaka akaniomba nipumzike.

Tulipotokeza kwenye mikuyu niliona kwanza watu, kisha moto. Haukuwa kwenye uchanja. Ulikuwa kwenye tuta la udongo mbele ya dungu, magogo makubwa, na juu yake majani mabichi yanatupwa na kijana wa jirani. Hapakuwa na samaki hata mmoja. Wanaume walikuwa wamekaa mitumbwini, Mama Skola amefunga kitenge kichwani.

Kwetu baba mwenye nyumba akifa, moto wake hauzimwi na mtu baki. Unachochewa mchana na usiku mpaka mtoto wake mkubwa afike auzime kwa mkono wake, ndipo watu watawanyike. Nililijua hilo tangu utoto. Nilikaa kwenye moto wa namna hiyo babu alipokufa. Lakini mtu anayenyimwa ruhusa akiambiwa asubiri dalili mbaya, huiona nzuri kila anapotazama.

Walikuwa wamekwisha kumzika. Katekista alikuja kwa mtumbwi, wakampeleka kwenye kichuguu kikubwa, maana ardhi kavu nyingine haikuwapo. Mama Skola alinipa kata ya maji.

"Mbona hamkunitumia mtu?" nilimwuliza. Nilikuwa nalia.

"Kukutumia mtu wa nini?" alisema. "Wewe si uko juu kule kila siku, unatuona? Baba yako mwenyewe, siku ya mwisho, alituambia tusisumbuke, Dismas ataona. Alipofariki tukawasha moto. Hukuja. Tukasema pengine majani ni makavu, moshi haufiki. Tukaongeza mabichi. Hukuja. Watu wanauliza, mtoto wa Ambrosi haoni? Nikawaambia anaona. Anaona, ila hashuki."

Nikauzima moto. Maji yalichemka kwenye makaa, watu wakashika pondo zao, wakaondoka mmoja mmoja bila kunipa mkono.

Niliporudi, Bwana Msimamizi alitoka barazani kunipa pole. Aliivua kofia yake. Kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayetaka kulala vizuri usiku: "Lakini moshi ulikuwapo, Dismas, sivyo?"

"Ndiyo, Bwana. Ulikuwapo."

Niliendelea kupanda Kituo mpaka msimu ule ukaisha, kwa sababu mtu halishwi na uchungu. Wageni walipouliza kwetu ni wapi niliwajibu mjini. Kisha nikaomba uhamisho, nikapelekwa kambi ya misitu upande wa Uchindile, chini ya msimamizi mwingine ambaye hakujali mandhari ya aina yoyote. Nilipanda miche, nikafukuza moto, nikazeeka. Uhuru ulinikuta huko. Nilistaafu na saa ya mkononi na barua ya kusifiwa utii. Ukuta wa kuzuia mafuriko sikuwahi kuuona, na wale wapimaji hawakurudi.

Vijana wamekuja kuniuliza siri ya kazi hii. Nawaambia yale niliyoyajua: tembea polepole, beba chumvi, mgeuze mgeni pale mwishoni. Ni kazi nzuri, nami sikuifanya vibaya. Lakini nimeishi na huzuni yake zaidi ya nilivyoishi na mshahara wake. Misibani naheshimiwa kama mzee, napewa kiti, na mtu hanipi neno la kusema. Wale waliokuwa wadogo kwenye mitumbwi ile wamewasimulia watoto wao kwamba mimi ndiye niliyetazama moto wa baba yangu nikinywa chai na Wazungu. Siwezi kusema wamezusha.

Mara moja tu nilijaribu kujieleza. Nilikuwa nimekwisha kustaafu, nikamfuata Mama Skola, naye wakati huo akiwa ajuza asiyetoka kitandani. Nikamsimulia yote, ruhusa niliyonyimwa, sharti la moshi, furaha yangu mwambani. Nikamwambia nilidhani anabanika samaki.

Alifumba macho, nikafikiri amesinzia. Kisha akauliza bila hasira, kama mtu anayeshangaa kweli: "Samaki, Dismas? Na maji yale? Maji yakijaa hivyo samaki wote wametawanyika majanini, mtu hapati hata mmoja mpaka yapungue. Uliwahi kuona wapi mtu anabanika samaki katikati ya mafuriko?"

Sikuwahi kuona popote. Nimezaliwa bonde hilo hilo, na jambo hilo nililijua kabla sijajua kusoma.